Milango ya chumvi: shajara ya kielelezo cha vipokezi vya ubongo, Tanga

Jumamosi, 10 Januari

Kazi imeanza. Asubuhi nilipanda baiskeli hadi Ngamiani kwa mzee fundi seremala, nikamkuta anapiga randa fremu ya dirisha. Nikamwamkia, nikangoja amalize upande ule, kisha nikamweleza haja yangu: nataka anichongee mlango, ila mlango wenyewe uko kwenye ubongo wa mtu, na hata darubini yetu ya shuleni haiuoni. Akaweka randa chini. "Kaa, mgosi. Huo mlango unafungukaje?"

Nilimchorea nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kati ya seli moja ya ubongo na nyingine kuna upenyo mdogo mno, na ujumbe huvuka hapo kwa kemikali. Seli inayotuma inamwaga kemikali. Seli inayopokea ina vipokezi kwenye utando wake, protini zilizokaa kama milango ukutani. Kemikali ikikaa mahali pake, mlango unafunguka na chembe zenye chaji ya umeme zinapita. Ipo kemikali inayochochea, glutamati, na ipo inayotuliza, GABA. Mtu anapoonja mchuzi au anapomtambua mwanawe kwa sauti tu, zote mbili ziko kazini, moja inasukuma na nyingine inazuia. Kwa mwenye kifafa, kundi kubwa la seli linafyatuka kwa mpigo na kizuizi kinazidiwa nguvu. Hapo ndipo mtu anaanguka.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Na vidonge vinafanya nini hapo?"

Swali hilo ndilo lililonileta kwake. Mdogo wangu wa kike alimeza fenobabitoni, dawa ya kifafa, miaka minne. Kila mwezi tulipewa pakiti na neno moja, "Asiache." Kwa nini asiache, hatukuambiwa. Alipomaliza mwaka mzima bila kuanguka tukaona amepona, tukaacha. Siku ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu mama akapika wali kwa shukrani. Siku ya nne alianza alfajiri, akawa anaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, na tulimfikisha hospitali saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka 19. Alinusurika, lakini ilichukua miezi kabla hajaongea kama zamani, na mama hadi leo hataki siku ile itajwe mbele yake.

Mama yangu aliishia darasa la nne. Naamini angeelewa kila kitu kilichokuwa kinatokea, kama kuna mtu angempa kitu cha kushika mkononi akamweleza. Kitu hicho ndicho tunachokitengeneza: kielelezo cha mbao cha kukaa kwenye benchi la kliniki, ambacho mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kukigusa na kukifungua mwenyewe. Kiwe tayari Jumatatu ya pili ya Februari, Siku ya Kimataifa ya Kifafa. Mwaka huu inaangukia tarehe 9.

Jumatano, 14 Januari

Vipimo tumekubaliana. Tunaanza na kipokezi kinachoitwa GABA-A, kwa kuwa ndicho kinachoguswa na fenobabitoni na diazepamu, dawa ya kuzima degedege. Kina vipande vitano vilivyosimama kwa duara kama mbao za pipa, katikati pana tundu. Binadamu ana jeni 19 za kutengeneza vipande hivyo, lakini mpangilio unaopatikana zaidi ubongoni ni alfa mbili, beta mbili na gama moja. Mzee akasema kila aina iwe na mti wake, mtu atofautishe kwa macho bila kusoma maandishi. Alfa itakuwa mninga, kwa wekundu wake. Beta mwembe. Gama mfenesi, kwa ile njano.

Hakujua alichonifanyia. GABA hukaa kwenye viungo viwili, pale beta inapokutana na alfa. Diazepamu ina kiti chake peke yake, pale alfa inapokutana na gama, na kipokezi kisichokuwa na gama hakiitikii diazepamu. Sasa ubao wa njano ni mmoja tu kwenye duara. Ukimwambia mtu atafute diazepamu inakaa wapi, kidole kinakwenda chenyewe.

Jambo la kukumbuka siku ya kueleza: tangu 2001 inajulikana kwamba hitilafu kwenye jeni ya gama inaweza kuleta degedege la homa na kifafa ndani ya ukoo mmoja. Najua tutaulizwa habari ya laana ya ukoo. Nitaushika ubao wa njano wakati najibu.

Jumapili, 18 Januari

Leo ilikuwa zamu ya glutamati. Dada muuguzi wa kliniki alikuja nyumbani baada ya zamu yake, tukakaa barazani na mabaki ya mbao.

Vipokezi vya glutamati vinavyofanya kazi kama milango viko vya makundi matatu: AMPA, NMDA na kainati. AMPA ni wepesi, glutamati ikifika unafunguka na sodiamu inaingia. NMDA una tabia yake. Glutamati inakaa, mlango unafunguka, lakini tundu limezibwa na chembe ya magnesiamu. Kizibo hicho huchomoka pale tu seli inapokuwa imeshaamshwa, kwa kawaida na AMPA, ndipo kalsiamu inaingia. Kalsiamu ya kiasi ndiyo inayotuwezesha kujifunza na kukumbuka. Ikizidi na ikakaa muda mrefu, seli inaumia, hata kufa.

Nilipotaja magnesiamu, dada muuguzi aliinua kichwa. Amefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. "Mwalimu, hiyo si ndiyo tunayomchoma mama mwenye kifafa cha mimba?"

Ndiyo yenyewe. Utafiti mkubwa uliopewa jina la Magpie, uliotolewa mwaka 2002, ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye dalili za hatari, na magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya kufikia degedege kwa zaidi ya nusu. Kuziba milango ya NMDA ni moja ya njia zinazodhaniwa kuleta nafuu hiyo. Nyingine zinahusu mishipa ya damu. Tulikubaliana lazima tuseme wazi kwamba kifafa cha mimba na kifafa ni magonjwa mawili. Kile cha kwanza kinatokana na mimba na shinikizo la damu, hakimfanyi mama awe mgonjwa wa kifafa maisha yake yote. Jina limeyaunganisha na limeshawaharibia wanawake ndoa zao. Dada muuguzi aliyasema haya kwa uchungu, na nikayaandika kama alivyoyasema.

Kainati nimeipa nafasi ndogo, ingawa kwangu ina utamu wake. Jina linatoka kwa asidi iliyopatikana kwenye mwani mwekundu wa Japani, ambao watu wa huko walikuwa wakiutumia kutoa minyoo. Baadaye wanasayansi wakagundua kwamba asidi hiyo inaamsha degedege kwa panya, na mpaka sasa wanaitumia maabara kuuchunguza ugonjwa. Mwani wanaolima kina mama wa mwambao wetu, Mkinga na kwingineko, ni wa aina nyingine kabisa. Nimelisisitiza hili kwenye maelezo, maana uvumi ukishaingia sokoni hautoki.

Alhamisi, 22 Januari

Jaribio la kwanza limeshindikana. Tulitaka kutumia chumvi halisi, kwa sababu chembe inayopita kwenye kipokezi cha GABA-A ni kloridi, na kloridi ni nusu ya chumvi ya mezani. Ina chaji hasi. Ikiingia kwenye seli inaishusha, seli inakuwa nzito kuamka. Niliona kumwaga chumvi mbele ya mtu kutamfanya aamini kwamba habari hii ni ya vitu anavyovijua. Lakini kaskazi hii, na unyevu wa bahari, chumvi imeshikana kama udongo na kuziba tundu lote. Tumeikaanga kikaangoni ikakauka, baada ya saa mbili imerudi kuwa vilevile.

Tumehamia kwenye shanga: nyeupe kloridi, nyekundu sodiamu, buluu kalsiamu. Bakuli la chumvi litabaki pembeni la kuonyesha.

Mlango wenyewe umekubali. Mzee amefunga kibao chembamba ndani ya tundu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Vigingi viwili vya GABA vikiingia kwenye viungo vyake, kibao kinalegea na kinafunguka ukikigusa. Kigingi cha diazepamu kikichomekwa kwenye ubao wa njano, ukanda unalegea zaidi na kibao kinafunguka mara nyingi zaidi. Kigingi cha fenobabitoni kinaingia sehemu nyingine, chini, na kinasukuma komeo dogo linalochelewesha kibao kufunga. Ndivyo dawa hizi mbili zinavyotofautiana: diazepamu huongeza mara za kufunguka, fenobabitoni hurefusha muda wa kukaa wazi. Kwa kiwango cha juu, fenobabitoni inaweza kuufungua mlango hata GABA isipokuwepo, na hapo ndipo hatari ya kuzidisha dozi ilipo: mtu analala na pumzi inakatika.

Mzee alitaka kujua nani alianza kuitumia. Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1912. Aliwapa wagonjwa wake ili walale, akaona wameacha kuanguka. GABA yenyewe iligunduliwa ubongoni mwaka 1950. Kwa miaka 38 watu walitibiwa kwa ufunguo ambao hakuna aliyeujua mlango wake. Hata hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta wenye kifafa wametengwa, wengi na makovu ya moto wa jikoni, akaanza kuwapa dawa, na walipopata nafuu wengine wakajitokeza mafichoni.

Jumamosi, 31 Januari

Wiki nzima tulikwama kwenye jambo moja. Tulikuwa tumepigilia vipokezi vyetu kwenye ubao, vikakaa imara, vikapendeza, na kumbe ndipo kosa lilipokuwa. Kipokezi hakijapigiliwa. Seli huvileta juu kwenye utando na kuvirudisha ndani kila wakati. Degedege linapochukua muda mrefu, vipokezi vya GABA-A vinavutwa ndani ya seli, vile vya NMDA vinaongezeka juu. Dawa ileile, dozi ileile, inafika inakuta milango haipo. Ndiyo sababu diazepamu inayolizima degedege dakika ya sita inaweza kushindwa dakika ya hamsini.

Kwenye ubao hatukuweza kulionyesha hilo. Leo mzee akanituma kwa jirani yake anayeshona magodoro, nikarudi na kipande cha sponji nene. Tukakata matundu membamba kuliko vipokezi. Vikikaa juu vinashikwa vizuri, lakini ukibonyeza kwa kidole gumba kipokezi kinazama, na sponji inajifunga juu yake kama hakijawahi kuwepo.

Mzee alibonyeza kimoja kikamezwa. Akabonyeza cha pili. Akakaa akiutazama ule uso wa sponji uliobaki mtupu, akasema taratibu, "Waja leo, waondoka leo." Usemi wa mji wetu, hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Tanga. Nitautumia kama ulivyo.

Mimi nilikuwa nawaza alfajiri ile. Toka saa kumi na moja hadi saa nne. Kwanza kijiko mdomoni, ambacho kilimvunja jino. Kisha kumnusisha kitunguu. Kisha kumfuata mzee wa kombe, aliyekuja mbio, akasoma kwa imani njema, naye ndiye aliyesema mpelekeni hospitali. Muda wote huo milango ilikuwa inazama mmojammoja. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifafa uliweka mpaka kwa degedege la mwili mzima: dakika 5, matibabu yaanze; likifika dakika 30, ubongo uko kwenye hatari ya kudhurika kwa muda mrefu. Sisi tulichukua muda wa saa tano. Sisemi dua haina nafasi. Dua inasomeka hata ndani ya bajaji, njiani.

Kwenye maelezo ya sponji nimeandika: mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usiweke kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, au likija jingine kabla hajapata fahamu, ondokeni.

Jumatatu, 9 Februari

Tumeonyesha. Barazani kliniki, kuanzia saa mbili, benchi mbili zilijaa na wengine wakakaa kwenye mkeka. Nilianza kwa kusema kwamba duniani wako watu kama milioni 50 wenye kifafa, na kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na dawa sahihi. Kisha nikanyamaza nikawapa vigingi.

Mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni ndiye aliyesogea kwanza. Alichomeka GABA ya kwanza, ya pili, akamwaga shanga nyeupe na kuzisikiliza zikiangukia kwenye bati chini. Akachomeka fenobabitoni, akamwaga tena. Akarudia mara tatu bila kusema neno. Tulipofika kwenye sponji alizamisha kipokezi, akauliza, "Kikishamezwa, kinarudi?" Nikamwambia degedege likizimwa seli huvirudisha vingine juu na kutengeneza vipya, ila inahitaji muda na utulivu. Akaingiza kidole kwenye sponji, akakitoa mwenyewe, akakisimamisha.

Kijana mvuvi aliuliza kama anaweza kurudi baharini. Dada muuguzi akamjibu asiende mpaka azungumze na daktari, maana kuanguka kwa dakika moja ndani ya ngalawa hakufanani na kuanguka uwanjani. Alikubali, lakini nilimwona anaumia, na sikuwa na cha kumpa. Mwingine aliuliza habari ya povu. Mate hayaambukizi kifafa. Hilo dada muuguzi alilisema mara mbili, kwa sauti.

Swali lililokishinda kielelezo chetu lilitoka kwa baba mmoja mwenye pakiti ya kabamazepini mfukoni: "Mwalimu, yangu mimi inakaa wapi?" Haina kiti pale. Kabamazepini haigusi vipokezi hivi. Inakwenda kwenye mifereji ya sodiamu, ile inayosafirisha umeme kando ya mshipa wa seli, na kuizuia isifyatuke mfululizo. Nilimwelezea kwa mdomo, lakini alitaka kuona kama wenzake walivyoona, na ana haki. Mzee ameshaanza kutafuta mti wa mfereji huo. Naona mkorosho unamvutia.

Na mwanamke mmoja alinisubiri nje, akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu kushika mimba. Nimempeleka kwa dada muuguzi, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Alikuwa anataka kuziacha zote kimyakimya. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba tulikuja.

Jumamosi, 14 Februari

Ramadhani iko siku chache mbele, na tangu Jumatatu watu wananisimamisha njiani kuhusu kufunga. Dada muuguzi ameomba wenye nia ya kufunga wafike kliniki kabla ya mwezi kuandama, kila mmoja atazamwe kwa dawa yake. Anayemeza fenobabitoni mara moja usiku, saa zake hazigongani na mchana. Anayemeza dawa mara mbili au tatu kwa siku anahitaji kupangiwa, asijipangie. Na usingizi: kukesha na kuamka daku kunaweza kuamsha degedege hata kama kidonge hakikukosekana. Imamu wa msikiti wa mtaani kwetu amekubali kuyasema haya baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na ruhusa ya mgonjwa kutofunga, ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaitumia.

Jana usiku nilileta kielelezo nyumbani kukaza komeo. Mama akatoka chumbani, akakaa. Sikusema kitu. Alichukua vigingi akavichomeka jinsi alivyosikia majirani wakisimulia, kisha akauliza jambo ambalo nadhani amekaa nalo miaka yote hii: mbona siku tatu za kwanza hakuanguka?

Nikamwambia fenobabitoni haitoki mwilini kwa siku moja. Kwa mtu mzima huchukua kama siku tatu hadi nne ndipo damu ibaki na nusu yake. Na ubongo uliokaa na dawa miaka minne umeshajirekebisha kwa ajili yake, milango yake imezoea kushikiliwa. Dawa ikiondoka ghafla, milango haijajua kukaa wazi peke yake, na glutamati iko palepale na nguvu zake. Ndiyo maana daktari akiona inafaa kuacha, kwa kawaida baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, anapunguza kidogokidogo kwa wiki nyingi, hata miezi.

Mama alikichomoa kigingi cha fenobabitoni polepole, nusu, akatazama komeo. Akakirudisha. Akakichomoa tena mpaka mwisho, komeo likaanguka na kibao kikafunga.

"Kumbe siku ya wali ilikuwa bado imo," alisema.

Ndiyo, mama. Ilikuwa bado imo.

Akamwita mdogo wangu kutoka ukumbini, akamkalisha karibu yake, na akaanza kumweleza tangu mwanzo, ubao wa njano na viungo vyote. Alikosea beta na alfa; sikumsahihisha. Asubuhi nimekuta kigingi kile hakipo kwenye boksi. Nimepita Ngamiani kumwomba mzee anichongee kingine.